Tafadhali Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Kwenye kompyuta ya steshenari moja karibu na Soko la Kilombero, hapa Arusha, kuna faili limeandikwa BARUA YA KAZI MPYA. Nililiona siku nilipokuwa nasubiri zamu yangu ya kutoa kopi. Kijana aliyekuwa mbele yangu alisema tu, "Dada, naomba barua ya kazi," kama mtu anayeagiza chai na chapati mbili. Dada akafungua faili, akamuuliza jina, akamuuliza anapeleka wapi, akabadilisha tarehe. Dakika tatu hazikuisha, mashine ikatema karatasi. Kijana akalipa, akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki bila kuisoma.

Niliisoma mimi, kwa kuchungulia begani kwake, tabia mbaya ambayo umri haujaniondolea. Ilianza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mwenye afya njema na akili timamu. Ninaomba nafasi ya kazi yoyote katika ofisi yako tukufu." Ikamalizia: "Natumaini ombi langu litapokelewa. Wako katika ujenzi wa taifa."

Barua hiyo tunafahamiana siku nyingi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mmoja wa watu watatu waliokaa kuchambua maombi ya kazi kwenye kampuni moja ya utalii mjini hapa, na imenipitia mikononi mara nyingi mno, kila mara ikiwa na sahihi ya mtu mwingine. Tukitangaza nafasi moja ya dereva au ya mtu wa mapokezi, bahasha zilizidi mia. Tulizisoma jioni, simu zikishanyamaza, na nikiri kwamba nyingi zilipata nusu dakika. Hatukuwa na dharau. Ukishakutana na "husika na kichwa cha habari" mara arobaini, jicho lenyewe linaruka kwenda chini kutafuta jina.

Watu wakilizungumza jambo hili hukimbilia lugha: vijana hawajui Kiingereza, siku hizi hata Kiswahili kimewashinda. Mimi naona kosa liko kwingine. Barua yenye makosa ya tahajia niliwahi kuipigania mpaka mwandishi wake akaitwa. Ila barua ambayo haikunieleza jambo lolote nisilolijua kabla ya kufungua bahasha, hiyo hata ingenyooka namna gani, hatukuwa na la kuisemea.

Ile niliyoipigania ilitoka kwa dereva mmoja wa Mto wa Mbu. Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na herufi "r" na "l" zilikuwa zinabadilishana viti kila mstari. Lakini katikati alieleza kwamba springi ilimkatikia jioni mbugani, kati ya Naabi na Ndutu, ana wageni wanne, redio haishiki. Akaifunga kwa kipande cha gogo na mpira wa ndani wa tairi, akaenda taratibu, "na wageni walifika saa mbili usiku wakakuta chakula." Basi. Mwenzangu mmoja, mtu mgumu, alisoma hapo akaweka miwani mezani. Yule bwana hakuwa ameandika popote kwamba ni mvumilivu, mbunifu au anayejali wateja.

Tuseme basi tatizo linatoka wapi. Kwanza, shuleni. Barua rasmi tumeifundishwa sote: anwani ya mwandishi juu kulia, ya mwandikiwa chini yake kushoto, tarehe, "Ndugu", YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kiini, hitimisho, sahihi, jina. Mwalimu akisahihisha anatafuta viungo hivyo kimoja kimoja, kama anaita mahudhurio. Kiini, mahali ambapo barua inaishi, kinapata mistari mitatu ya kubuni, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu hana kazi aliyowahi kufanya ya kusimulia. Anajifunza mifupa. Miaka minane baadaye anakuja na mifupa ileile ofisini kwa mtu. Siwalaumu walimu, maana muundo unahitajika. Ila hakuna aliyerudi baadaye kutuambia kwamba pale kwenye mistari mitatu ndipo panapoajiriwa mtu.

Pili ni neno lenyewe. Tunasema kuomba kazi. Kuomba ndiko tunakofanya kwa Mungu, na kwa jirani chumvi ikiisha. Mtu akikaa na neno hilo kichwani, kalamu inapiga magoti yenyewe. Nimesoma barua zilizoniuma: mimi ni mtoto wa kwanza, baba alifariki, nina wadogo watano wananitegemea, naomba unifikirie kama mzazi. Ni kweli tupu, na bado haisaidii, kwa sababu bahasha inayofuata nayo ina wadogo sita. Aliyetangaza nafasi ya mtunza stoo ana stoo inayovuja. Mchele unapungua, mafuta ya kula hayalingani na daftari, na bosi wake anamuuliza habari hiyo kila Ijumaa. Anasoma barua zako akiwa na mchele huo kichwani.

Na hiyo "akili timamu"! Hayo ni maneno ya wosia, yamehamia kwenye barua ya kuomba kazi ya jikoni. Mtu anapoapa kwamba ana akili timamu bila kuulizwa, msomaji anaanza kujiuliza.

Tatu, malezi. Huku kwetu mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa hajafunzwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tumeambiwa tangu tukiwa wadogo. Kwa hiyo kijana akiambiwa aeleze uwezo wake, anachagua moja kati ya mawili: anajificha nyuma ya maneno ya jumla ambayo hayamwaibishi mtu, au anavuka mpaka kabisa na kuandika kwamba yeye ni kiongozi wa kuzaliwa. Njia ya tatu ipo na haina majivuno hata kidogo: kusimulia ulichofanya, ukaacha msomaji atoe sifa mwenyewe. Yule dereva alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Mpwa wangu alinijia mwaka jana na tangazo la kazi la lodge moja upande wa Karatu. Walitaka mtunza stoo: awe na stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu wa mwaka mmoja, ajue Excel, awe tayari kuishi kambini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, karibu."

Chai haijapoa akasema, "Mjomba, wewe si ulikuwa kwenye utalii? Unajuana na watu."

Nikamwambia wale niliojuana nao wengine wamestaafu na wengine wamehama mji, hivyo mimi ni mjomba kwa maana ya ukoo tu, si kwa ile maana ya ajira. Alicheka kwa adabu, akanipa barua. Nanukuu kiini chake chote: "Nina uzoefu wa kutosha katika masuala ya stoo. Ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, na ninaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na katika mazingira magumu."

Nikamuuliza, uzoefu gani huo wa kutosha? Akanyamaza. Halafu: "Si pale dukani kwa shangazi."

"Mbona hujaandika?"

"Mjomba, ile si kazi. Nilikuwa namsaidia tu."

Namsaidia tu. Nadhani nusu ya uzoefu wa kazi wa mkoa huu na wa jirani zetu wa Kilimanjaro umezikwa chini ya maneno hayo mawili. Vijana wamekulia kwenye vibanda vya Kiborloni na Mbuyuni, wamepima kahawa na ndizi, wamekusanya nauli kwenye daladala za mjomba, wamelipa vibarua wa nyanya, kisha wanaandika "sina uzoefu" kwa sababu hakukuwa na mkataba wala kitambulisho cha kuvaa shingoni.

Nilimwambia anisimulie siku moja ya pale dukani. Ikatoka yote. Mzigo ukifika anahesabu kabla wapakuaji hawajalipwa. Kila Jumamosi jioni anahesabu mali iliyopo na kulinganisha na daftari. Na kulikuwa na habari ya kreti. Gari la soda likileta mzigo hubeba kreti tupu, na kila wiki hesabu ya msambazaji ilikuwa inakuja pungufu ya kreti mbili au tatu. Shangazi alikuwa analipia tu, akidhani watoto wa dukani wanaziuza. Mpwa wangu akaanza kumsainisha utingo kwenye daftari kabla kreti hazijapanda garini. Mwezi wa pili upungufu ukaisha.

Nilimtazama yule binti. Ana hadithi ya namna hiyo tumboni, halafu anaandika "mchapakazi."

Tulikaa saa mbili, na barua iliyotoka ilikuwa hivi, nimeondoa tu majina: "Naomba kazi ya mtunza stoo mliyoitangaza tarehe 3 mwezi huu. Kwa miaka miwili nimetunza daftari la mali la duka la jumla la shangazi yangu, Soko la Kilombero. Nilipokea mzigo, nikauhesabu, na kila Jumamosi nikalinganisha mali iliyopo na daftari. Niligundua kwamba kreti tupu tulizorudisha kwa msambazaji zilikuwa zinaandikwa pungufu, nikaanza kumsainisha utingo kila anapopakia, na upungufu ukaisha ndani ya miezi miwili. Hesabu hizo niliziingiza kwenye Excel mwaka wa pili; ninaweza kuja na nakala. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, nimeambatisha cheti. Niko tayari kuishi kambini, na ninaweza kuanza kazi wiki mbili baada ya kuitwa."

Tazama kilichotokea. Neno "mwaminifu" limetoka, kwa sababu hata mwizi huliandika, tena kwa herufi kubwa. Masharti manne ya tangazo yamejibiwa yote, kila moja kwa jambo linaloweza kuulizwa na kuthibitishwa. Hakuna mstari unaorudia wasifu. Wasifu unataja ulipokuwa na mwaka gani, barua inachagua jambo moja kutoka humo na kulifungua. Na ile habari ya kuishi kambini, ambayo waombaji wengi huiruka, kwa lodge ndiyo roho ya tangazo. Meneja ameshachoka na watu wanaoripoti Jumatatu na Alhamisi wanaomba ruhusa ya kwenda mjini.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka shangazi awe mdhamini. Nikakataa. Shangazi atamsifu hata kama aliunguza duka. Tukamweka mwalimu wake wa chuo na mtu wa kwa msambazaji, yuleyule ambaye hesabu zake zilisahihishwa. Huyo akisema binti ni makini, ana sababu.

Isidhaniwe kwamba mimi nilizaliwa nikijua haya. Miaka ya tisini, nikiwa Moshi na suruali moja ya kuendea usaili, niliandika barua mbili kwa siku moja, kwa mkono, huku nimeweka karatasi ya kaboni chini yake ili nibaki na nakala. Moja ya hoteli, nyingine ya ofisi ya forodha. Wiki tatu kimya. Siku moja nazipitia zile nakala ndipo nikaona: ile ya hoteli nilikuwa nimeeleza, kwa ufasaha mkubwa, shauku yangu ya muda mrefu ya kusafirisha mizigo kupitia mpaka wa Namanga. Nilikuwa nanakili kutoka barua moja kwenda nyingine, mkono ukaendelea bila kichwa. Kwa hiyo ninaposema soma barua yako kwa sauti kabla ya kuifunga, nasema kama mtu aliyeungua.

Sasa, yote haya ni kwa upande wa kampuni binafsi. Ukiomba serikalini mambo ni mengine, na kuchanganya pande hizi mbili kumewaponza wengi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kupitia Ajira Portal, na matangazo yake yanaeleza wazi: barua ya maombi iwe imesainiwa, iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, anwani iwe ya Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Aliye mtumishi tayari apitishe barua kwa mwajiri wake. Hati za matokeo badala ya vyeti halisi hazikubaliwi. Hapo hadithi ya kreti haitakuokoa kama umesahau sahihi. Barua ya huko ni ya kupita getini, na anayelinda geti anaangalia masharti. Uwezo utapimwa kwenye usaili wa mchujo, kisha mahojiano. Basi huko andika fupi, safi, kamili, na ile YAH ya mwalimu wako itafanya kazi yake. Kinachonishangaza ni mtu anayepeleka barua ya getini kwa meneja wa lodge, halafu akapeleka barua ya kusisimua isiyo na sahihi Dodoma.

Kuna mengine madogo. Dini, kabila, umeoa au hujaoa: toa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, kwa hiyo usimpe mtu mwanya bila kuombwa. (Ingawa kabila, kwa huku kwetu, jina la ukoo tu linatosha kumwambia msomaji kama umetoka Rombo au Machame.) Barua pepe iwe na kichwa, na kiambatisho kiwe na jina lako, kisiitwe "skani 0007". Namba ya simu iwe yako, si ya rafiki anayezima simu saa kumi na mbili. Na ule mchezo wa kutuma barua moja kwa kampuni thelathini, anwani zote zikionekana juu, huo ni sawa na kumposa binti mbele ya dada zake wote.

"Kazi yoyote" nayo iachwe. Najua inasemwa kwa unyenyekevu, lakini inamwachia meneja kazi ya kukufikiria, na yeye hana muda huo. Hasa ukiituma Julai. Utalii wa huku una majira yake: masika ya Machi hadi Mei wageni hupungua, kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei kwa ukarabati, na kuanzia Juni mambo yanafurika. Meneja wa Julai yuko njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni, ana simu mbili masikioni. Wa Februari na Machi amekaa, anapanga nani wa kuongeza kabla ya msimu. Barua ileile, mwezi tofauti, inasomwa na mtu tofauti.

Halafu imekuja akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, faili la BARUA YA KAZI MPYA limepata mshindani. Sasa barua zinakuja na Kiingereza kilichonyooka kama reli, kila mwombaji "ana shauku kubwa" na "amevutiwa mno na dira ya kampuni", hata kama kampuni yenyewe inakodisha jenereta mtaani Unga Limited. Rafiki yangu ambaye bado anaajiri ananiambia anazitambua kwa harufu. Mwombaji anaitwa, anaulizwa swali jepesi kwa Kiingereza kilekile, anatazama dari. Sina ugomvi na mtu anayeitumia kusahihisha tahajia. Dereva wetu wa Mto wa Mbu ingemfaa sana. Lakini ukiiambia ikuandikie kuanzia mwanzo, itakupa steshenari yenye tai. Habari ya utingo na kreti haiwezi kuijua mpaka uiambie, na ukishakaa chini ukaieleza vizuri namna hiyo, barua umeshaiandika.

Wapo watakaoniambia: mzee, unajichosha, kazi zinatolewa kwa kujuana. Siwezi kukana, nimekaa kwenye meza hiyo. Mara kadhaa mwenzetu aliingia akasema, "Kuna kijana wangu kwenye hilo lundo." Tukamuuliza anajua nini. "Ni kijana mzuri tu." Huyo alikuwa mgumu kumsaidia hata kwa waliotaka kumsaidia, maana barua yake haikuwapa la kusema mbele ya mkurugenzi. Yule wa springi hakuwa na mtu, na tulijikuta sote watatu tunamtetea. Kujuana kupo, na mara nyingine kunashinda; nimeshuhudia kukishindwa pia, na karatasi ndiyo iliyoshinda.

Mpwa wangu aliitwa. Kwenye usaili, ananiambia, swali la kwanza lilikuwa: "Huyo utingo alikubali kusaini?" Akacheka, akaeleza jinsi alivyogoma wiki ya kwanza mpaka shangazi alipokataa kupokea soda. Kazi ile hakupewa, alipewa mtu mwenye miaka mitano ya stoo, na sioni kosa hapo. Lakini wale wa lodge walibaki na namba yake, na msimu uliofuata walimpigia. Yuko huko sasa, wiki sita kambini, mbili nyumbani.

Juzi nimepita tena pale Kilombero kutoa kopi. Mbele yangu kijana mrefu, mabega mapana, anaomba kazi ya ulinzi kwenye benki moja. Dada wa steshenari akambadilishia jina, akabadilisha tarehe, mashine ikatema karatasi. Nikachungulia. Inaonekana mpwa wangu alitolea kopi zake pale, na dada akaipenda barua akaihifadhi, kwa sababu mstari wa pili ulisomeka: "Kwa miaka miwili nimetunza daftari la mali la duka la jumla la shangazi yangu."